Ncha za Vidole: Historia ya Tiba ya Kugongagonga Mwili

Katika tiba ya kugongagonga, mtu hujigonga taratibu kwa ncha za vidole viwili mahali maalumu usoni, kifuani na mkononi, huku akiikumbuka hofu, huzuni au maumivu yanayomsumbua. Hugonga mara kadhaa mwanzo wa unyusi, pembeni mwa jicho, juu ya kitefute, kati ya pua na mdomo, kidevuni, chini ya mtulinga na chini ya kwapa. Kisha hujipima: usumbufu uliokuwa nane kwa kumi sasa umefika ngapi? Kama haujapungua vya kutosha, huanza upya. Hakuna dawa wala chombo, na mzunguko mmoja huisha ndani ya dakika chache. Wepesi huo humfanya mtazamaji adhani kwamba ni desturi ya mababu. Kwa umbo lake la sasa, hata hivyo, tiba hii haijafikisha nusu karne, na ilizaliwa California, Marekani. Cha kale ni vipande vilivyounganishwa kuitengeneza.

Kipande cha kwanza ni mkono wenyewe. Mama anayembembeleza mtoto humpigapiga mgongoni kwa mapigo ya polepole, na hakuna aliyemfundisha. Katika pwani ya Afrika Mashariki mzazi hukandwa kwa maji ya moto baada ya kujifungua, aliyeteguka mguu huchuliwa, na mwenye maumivu ya mgongo huumikwa kwa chuku, pembe inayofyonzwa ili ivute damu. Ibn Sina, aliyefariki 1037, alieleza katika kitabu chake cha Qanun aina za ukandaji, mgumu na laini, wa muda mrefu na wa wastani, na akaipa kila aina kazi yake. Huko Amsterdam, katika karne ya 19, tabibu Johann Georg Mezger alipata sifa kubwa kwa ukandaji wake, na kutoka kwake na wafuasi wake Ulaya ikapata mpangilio wa miondoko ya mkono ambao wataalamu wa viungo wanaufuata hadi leo: kupapasa, kusugua, kufinyanga na kupigapiga. Kupigapiga huko kulikusudiwa kulegeza misuli na kuchangamsha damu. Alichokuwa nacho mgonjwa kichwani hakikuulizwa.

Kipande cha pili ni ramani ya Wachina. Tabibu wa Kichina wa zamani aliamini kwamba nguvu ya uhai, chi, hupita mwilini katika njia zake, na kwamba ugonjwa ni njia kuziba au kupungukiwa. Kitabu cha Huangdi Neijing, kilichokusanywa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, kinaeleza njia 12 kuu na namna ya kuzitibu kwa sindano. Lakini ramani hiyo nayo ina historia yake. Mwaka 1973 wachimbaji wa mambo ya kale walifungua kaburi la Mawangdui, karibu na mji wa Changsha, lililofungwa 168 kabla ya Kristo, na ndani yake wakakuta maandishi ya tiba juu ya hariri. Maandishi hayo yanataja njia 11 tu. Hayataji vituo maalumu vya kuchoma sindano, na tiba yake ni kuunguza majani makavu juu ya ngozi. Kwa hiyo mfumo ambao watu wengi huutaja kana kwamba ulishuka ukiwa kamili ulikua, ukarekebishwa na kuongezewa na waganga waliokuwa wakitafuta. Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwa kuwa mabishano yote yaliyofuata baadaye yalihusu ramani hii.

Magharibi iliipokea kwa vipindi. George Soulié de Morant, aliyewahi kuwa afisa wa ubalozi wa Ufaransa nchini China, alianza kuchapisha kitabu chake kikubwa cha tiba ya sindano mwaka 1939, na ni yeye aliyeeneza neno la Kifaransa la meridiani kwa zile njia, neno lililokopwa kutoka katika mistari ya ramani za dunia. Wamarekani wa kawaida waliisikia habari hiyo mwaka 1971, pale mwandishi wa New York Times, James Reston, alipopasuliwa kidole tumbo mjini Beijing na kuandika jinsi sindano zilivyomtuliza tumbo baada ya upasuaji. Kabla ya hapo, mjini Detroit, George Goodheart alikuwa ameshaanzisha mfumo wake mwaka 1964. Yeye alikuwa mtaalamu wa kairopraktiki, fani ya kunyoosha uti wa mgongo. Alipima nguvu ya msuli kwa kuusukuma kwa mkono wake, akadai kwamba msuli ukilegea unaonyesha kasoro mahali pengine mwilini. Miaka iliyofuata aliuunganisha upimaji huo na meridiani, akabonyeza na kugonga vituo vya Wachina kwa vidole badala ya kuvichoma. Daktari wa magonjwa ya akili kutoka Australia, John Diamond, aliyachukua mafundisho hayo na kuyahusisha na hisia: kila meridiani, kwake yeye, ilikuwa na huzuni au hasira yake.

Hapo ndipo alipoingia Roger Callahan, mwanasaikolojia wa California aliyetibu hofu zisizo za kawaida. Kisa alichosimulia yeye mwenyewe ni cha karibu na mwaka 1980. Mgonjwa wake, ambaye katika maandishi anaitwa Mary, aliogopa maji kiasi cha kushindwa kuoga vizuri, kuogopa mvua na kusumbuliwa na majinamizi. Alikuwa ametibiwa kwa zaidi ya mwaka mmoja kwa njia zote zilizojulikana, na kikubwa alichofikia ni kukaa ukingoni mwa bwawa la kuogelea kwa dhiki. Siku moja alisema kwamba hofu anaisikia tumboni. Callahan, aliyekuwa amesoma meridiani, alikumbuka kwamba njia ya tumbo huanzia chini ya jicho, akamwambia ajigonge pale kwa vidole. Baada ya muda mfupi Mary alitamka kwamba hofu imekwisha, akanyanyuka na kwenda bwawani.

Kisa hiki kimerudiwa mara nyingi mno, na kwa kawaida kinasimuliwa kana kwamba kilianza siku ile. Ile miezi ya nyuma inasahauliwa. Mary alikuwa amefundishwa kuikaribia hofu yake hatua kwa hatua, njia iliyotokana na Joseph Wolpe, daktari aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1915 na aliyewatibu askari waliorudi na mishtuko ya Vita Kuu ya Pili wakati akilitumikia jeshi la Afrika Kusini. Wolpe aliona kwamba kuwapa dawa askari hao na kuwafanya wazungumze hakukuwatosha. Alikuja kufundisha kwamba hofu na utulivu haviwezi kukaa pamoja mwilini kwa wakati mmoja: mtu akilegezwa mwili kwanza, kisha akaletewa taswira ya anachokiogopa kidogo kidogo, hofu hupoteza nguvu. Kitabu chake kikuu kilitoka 1958. Hata ile mizani ya kumwuliza mgonjwa ajipime kwa namba ni yake. Wagongaji waliirithi kwake, na wengi wao hawajui.

Callahan aliamini amegundua kitu kipya kabisa. Aliiita tiba ya uga wa fikra. Kila wazo zito, alisema, lina uga wake, na ndani ya uga huo kuna mtikisiko ambao kugonga vituo kwa mpangilio sahihi huufuta. Hofu ya buibui ilikuwa na mpangilio wake, hasira wake, msiba wake. Mwaka 1985 alitoa kitabu kilichoahidi kuponya hofu kwa dakika tano. Baadaye alidai kwamba anaweza kujua mpangilio unaomfaa mgonjwa kwa kuisikiliza sauti yake kwa simu, na mafunzo ya mbinu hiyo yakafikia dola 100,000. Hakuna ushahidi wowote wa kuaminika uliopata kuthibitisha kwamba sauti ya mtu hubeba habari hizo. Kiswahili kina neno moja, chuku, kwa pembe ya mwumishi na kwa habari iliyotiwa chumvi. Tiba za mwili zimeumizwa zaidi na chuku ya maana ya pili kuliko na maadui zake.

Miongoni mwa waliolipia mafunzo kwa Callahan alikuwa Gary Craig, aliyesomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Stanford. Mhandisi aliuliza swali la kihandisi: kama vituo vyenyewe ni vichache, kwa nini visigongwe vyote kila mara, na habari ya mpangilio ikaachwa? Katikati ya miaka ya 1990 alitoa mfumo mmoja kwa matatizo yote, akaongeza maneno ambayo mgonjwa huyatamka mwanzoni ya kukiri tatizo lake na kujikubali hata akiwa nalo, na akaugawa mwongozo wake bure. Uamuzi wa kuugawa bure ndio uliobadilisha historia ya tiba hii. Ilitoka katika ofisi za wataalamu ikaingia majumbani, mashuleni na kwa askari wastaafu, na mara nyingi haikuhitaji tena mtu wa kati. Ilimfikia pia kila aliyetaka kuifanya biashara ya kuponya chochote, kuanzia uvutaji sigara hadi saratani, na madai ya namna hiyo ya mwisho yanaweza kuua.

Tangu Callahan alipoanza, lugha ya utabibu nayo ilikuwa inabadilika. Mwaka 1980 chama cha madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani kiliingiza katika orodha yake rasmi ugonjwa wa kiwewe kinachobaki baada ya tukio la kutisha, baada ya shinikizo kubwa la waliorudi kutoka Vietnam na watetezi wao. Kabla ya hapo mateso hayo yalipewa majina tofauti kila vita, na mara nyingi yalihesabiwa kuwa woga. Sasa yalikuwa na jina moja na dalili za kupimika, na watafiti wangeweza kulinganisha tiba na tiba. Mwaka 1989 Francine Shapiro alichapisha utafiti wake wa kwanza kuhusu tiba ambayo mgonjwa hufuatisha kidole kwa macho, kulia na kushoto, huku akikumbuka tukio. Tiba hiyo ilipingwa nayo kwa ukali, lakini ilijaribiwa sana, na mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa wenye kiwewe.

Kugongagonga hakukuwa na bahati hiyo. Novemba 1999 chama cha wanasaikolojia wa Marekani kiliwaarifu waandaaji wa mafunzo kwamba tiba ya Callahan haitahesabiwa tena katika masomo yanayompa mwanasaikolojia sifa za kuendelea na kazi. Mwaka 2001 makala za Callahan na wenzake zilichapishwa katika jarida la saikolojia bila kupita mchujo wa kawaida, kila moja ikiwa imefuatanishwa na maoni ya wahakiki, na maoni hayo hayakuwa na huruma.

Jaribio lililogusa kiini cha suala lilichapishwa 2003. Watafiti wawili wa Kanada, Wendy Waite na Mark Holder, waliwachukua wanafunzi 119 wenye hofu fulani na kuwagawa katika makundi manne. Wa kwanza walijigonga vituo vyote vya Craig. Wa pili walijigonga mikononi mahali pasipo na kituo chochote. Wa tatu walimgonga mwanasesere. Wa nne walitengeneza kikaragosi cha karatasi. Hofu ilipungua kwa wote waliogonga, hata kwa wale waliomgonga mwanasesere. Kwa waliotengeneza kikaragosi haikupungua kwa kiwango cha maana. Wapinzani walisema, kwa haki, kwamba ramani ya meridiani haikuhusika. Watetezi walijibu kwamba anayemgonga mwanasesere naye anatumia ncha za vidole vyake, ambako njia za Kichina huishia au huanzia. Jibu hilo ni dhaifu, kwa sababu linaifanya nadharia isiweze kukosea popote. Lakini matokeo yenyewe yanasema jambo ambalo pande zote mbili zililipita haraka: watu walipata nafuu. Kuikabili hofu kwa makusudi, kwa dakika chache, mahali salama, huku vidole vina shughuli yenye mdundo na mtu mwingine yupo karibu, kuliwasaidia.

Tafiti zilizofuata ziliongezeka. Mwaka huohuo wa 2003 Steven Wells na wenzake walikuta kwamba nusu saa ya kugonga iliwapunguzia watu hofu ya wadudu na wanyama wadogo kuliko mazoezi ya kupumua kwa tumbo. Mwaka 2012 utafiti wa watu 83 ulipima kotisoli, homoni ya msongo, katika mate: kwa waliogonga ilishuka kwa asilimia 24, kwa waliozungumza na mshauri na kwa waliopumzika tu kwa asilimia 14 hivi. Tafiti nyingi za aina hii, hata hivyo, zimefanywa na watu wanaoifundisha tiba yenyewe, zikiwa na washiriki wachache, na mara nyingi zikilinganisha kugonga na kutofanya lolote. Ndivyo ilivyo pia kwa maumivu ya kudumu: kuna dalili za nafuu, hasa pale maumivu yanapochochewa na wasiwasi, lakini msingi wake bado ni mwembamba.

Sehemu nzito zaidi ya historia hii ilitokea Rwanda. Katika siku 100 hivi kuanzia Aprili 1994 waliuawa watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 800,000 na zaidi ya milioni moja. Walionusurika walikuwa na neno lao la Kinyarwanda kwa hali iliyowapata, ihahamuka, ambalo kiini chake ni kuishiwa pumzi, kama mtu asiye na mapafu. Ni neno linalouweka ugonjwa wa kumbukumbu mwilini, kifuani, pale hasa mgonjwa anapousikia. Kila Aprili, wakati wa maombolezo ya kitaifa, watu walianguka, walipiga kelele, walijiona wamerudi siku ile. Wataalamu wa afya ya akili walikuwa wachache mno kwa nchi iliyojeruhiwa namna ile. Kwa hali kama hiyo, tiba inayohitaji daktari mmoja na mgonjwa mmoja kwa miezi kadhaa ilikuwa kama haipo.

Mwaka 2006 timu ya Caroline Sakai, Suzanne Connolly na Paul Oas ilifanya kazi na vijana 50 katika kituo cha kulelea yatima cha El Shaddai. Walikuwa wamebeba kiwewe kwa miaka 12: majinamizi, kukojoa kitandani, kushtuka ovyo, ugomvi, kujitenga. Kila kijana alipata kikao kimoja cha tiba ya Callahan. Kwa tathmini ya walezi, vijana wote 50 walikuwa juu ya kiwango cha ugonjwa kabla ya kikao. Baada yake ilibaki asilimia 6. Kwa tathmini ya vijana wenyewe idadi ilishuka kutoka asilimia 72 hadi 18. Mwaka mmoja baadaye nafuu ilikuwa bado ipo. Hapakuwa na kundi la ulinganisho, na walezi walijua nani ametibiwa, kwa hiyo namba hizi haziwezi kubeba mzigo wa kuthibitisha nadharia ya uga wa fikra. Zinachoweza kubeba ni habari nyingine iliyoripotiwa pamoja nazo, na pengine ndiyo ya thamani kubwa zaidi: watafiti walipoondoka, vijana waliendelea kujigonga wenyewe na kugongeshana, na jambo hilo likawa sehemu ya maisha ya kituo. Yatima waliokuwa wakihesabiwa wagonjwa walikuwa wakisaidiana usiku.

Hatua iliyofuata ilikuwa Byumba, kaskazini mwa nchi. Connolly na Sakai waliwafundisha viongozi wa jamii, na hao ndio waliowatibu wenzao kwa Kinyarwanda. Manusura 145 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakitibiwa mara moja na wengine wakisubiri zamu. Matokeo, yaliyochapishwa 2011, yalionyesha kwamba waliotibiwa walipungukiwa na dalili kuliko waliosubiri, na baada ya miaka miwili nafuu ilikuwa haijapotea. Mpango kama huo ulifanyika magharibi mwa Uganda, ambako watumishi 36 wa jamii waliofundishwa kwa siku mbili tu waliwatibu watu waliojitolea, 256 kwa jumla, nao pia wakilinganishwa na waliosubiri.

Udhaifu wa tafiti hizi unafanana: anayesubiri zamu hapati hata mtu wa kukaa naye, kwa hiyo haijulikani ni kiasi gani cha nafuu kilitoka vidoleni na kiasi gani kilitoka kwa jirani aliyekaa, akauliza na kusikiliza. Kambi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, inatoa kipimo. Huko watafiti kutoka Konstanz, Ujerumani, waliwafundisha wakimbizi wenyewe kuwatibu wakimbizi wenzao wa Rwanda na Somalia kwa kusimulia maisha yao tangu kuzaliwa, tukio baada ya tukio, bila kugusa mwili hata kidogo. Utafiti wao wa watu 277, uliochapishwa 2008, ulionyesha nafuu ya wazi kwa waliosimulia. Nafuu ilionekana pia kwa waliopewa ushauri wa kawaida tu. Mtu wa kijijini au wa kambini, akifundishwa vizuri, anaweza kumshika mwenzake mkono katika kumbukumbu mbaya, awe anagonga au hagongi.

Kinachobaki kutenganishwa ni mchango wa mwili. Mwaka 1998, huko Acapulco, Mexico, ambako kimbunga Pauline kilikuwa kimebomoa makazi ya watu, Lucina Artigas alikuwa akiwasaidia watoto walionusurika kwa njia ya Shapiro. Watoto walikuwa wengi na watibu wachache. Akawafundisha kukunja mikono kifuani kama mbawa za kipepeo, na kujipigapiga, kulia, kushoto, huku wakitazama kumbukumbu yao ipite kama mawingu. Njia hiyo haikutaja meridiani wala uga wa fikra, na ilienea katika kambi na shule za nchi nyingi. Njia mbili zilizoanza mbali, moja kwa macho na nyingine kwa ramani ya Kichina, zilikutana katika tendo lilelile la mtu kujigusa kwa mdundo.

Mwaka 2018 watetezi wa kugongagonga walichapisha uchambuzi wa tafiti zilizolinganisha vituo halisi na visivyo halisi, wakahitimisha kwamba vituo vina nguvu yake. Mwaka 2020 wahakiki waliupitia na kuonyesha kasoro katika uteuzi na hesabu zake. Mabishano hayo yanaendelea majaridani. Wanaoitumia tiba hii kwa uangalifu, kwa upande wao, wamejiwekea mipaka ambayo Callahan hakuwa nayo: mwenye kiwewe kikubwa haachiwi kuigusa kumbukumbu yake peke yake mara ya kwanza, anayepotewa na fahamu za mahali alipo hurudishwa kwanza kwenye kiti na sakafu, na maumivu yasiyojulikana chanzo chake hupelekwa hospitali kabla ya kugongwa.